Sauti Yangu Imemuua Zuberi

Mliniacha sokoni Baraka, mbele ya meza ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, mdomo nimeufunga kabisa, huku redio ya mama muuzaji ikitangaza kwa sauti yangu mimi mwenyewe kwamba Zuberi, mwenye boti, ametutoka.

Aliyekosa gazeti la wiki jana kwa sababu mke wake alifungia maandazi, nitamrudishia kwa kifupi. Mimi ni Albert, mstaafu wa redio yetu ya hapa. Maisha yangu yote ya kazi nilisoma komunike za vifo. Nilizisoma vizuri hata marehemu mmoja wa Mboko alifungua jicho moja kuhakikisha sijasahau cheo chake cha kwaya. Usiponiamini nenda Mboko ukaulize.

Nilipostaafu, direktere wa redio, Dieumerci, alinikalisha studio akaniomba nisome makaratasi ya kila namna, mpaka maelezo ya dawa ya minyoo ya mbuzi. Ni ya kumbukumbu, papa, akasema. Kumbe alikuwa anaikamua sauti yangu kama ng'ombe wa Minembwe. Akaitia ndani ya mashine. Tangu siku hiyo mimi nalala, sauti yangu inaamka na kwenda kazini.

Mpaka hapo ilikuwa kichekesho. Sasa sikilizeni kilichofuata.

Mama wa ndagala aliitazama redio, akautazama mdomo wangu, akairudia redio. Kisha akavuta beseni lake polepole upande wake, kama mtu anayeondoa chakula mbele ya mgonjwa.

Nikaondoka bila ndagala.

Njiani nilikuwa na hofu mbili. Zuberi si mtu wa barabarani kwangu, ni mkwe. Mtoto wake Iddy amemuoa binti yangu Solange, wakahamia Kilembwe, kule ambako ili upate mtandao lazima upande kilima na simu uinyanyue juu kama unaionyesha kwa Mungu. Solange ana mimba, na siku zake zimefika; habari kama hii si ya kumfikia sasa. Mke wangu Émilienne amekwisha kufunga furushi la vitenge vya mtoto, ameliweka mlangoni, anangoja habari tu.

Hofu ya pili ilikuwa ya kawaida zaidi. Zuberi alikuwa ametoka Kalemie na boti yake, na ukipita nyuma ya rasi ya Ubwari simu haishiki kitu. Hakuna aliyeweza kumpigia na kumuuliza kama amekufa.

Nyumbani nilimkuta Émilienne amesimama uani na nyuma yake wako vijana wa bandarini. Mbele yao alikuwa Ibrahim, mdogo wake Zuberi. Hakunisalimia. Alisema tu nyumbani kwa kaka yake wananingoja, na akanishika mkono juu ya kiwiko, mahali ambapo mtu humshika mzee anayetaka kumsaidia, au mwizi.

Émilienne aliuliza kama anaweza kuja. Ibrahim akamjibu abaki, kwa heshima yake.

Kwa Zuberi mikeka ilikuwa imetandikwa. Wanaume nje, wanawake ndani, Kurani inasomwa. Watu walikuwa wamekwenda hata kuchimba kaburi, kwa sababu Waislamu hawamlazi maiti, na jua lilikuwa limekwisha kupinda. Kilichokosekana ni maiti.

Mwanahamisi, mke wa Zuberi, alitoka ndani akanijia. Hakuwa amelia. Jicho lake lilikuwa kavu na baya.

"Baba Solange," akasema, "mi nakuuliza mara moja tu. Ulimuona na macho yako?"

"Mama Iddy, sikuona kitu. Si mi mwenye kusema."

"Ile sauti ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Basi. Mwenye sauti atuonyeshe fasi mume wangu eko, tumuzike."

Nikaanza kueleza. Niliwaambia habari ya mashine, nikawaambia habari ya dawa ya minyoo ya mbuzi, nikawaapia kwa kanisa langu na kwa msikiti wao. Niliona midomo ya wazee inatetemeka kwa kicheko wasichotaka kukitoa. Ndiyo adhabu ya mtu kama mimi. Watu hawa hawa niliwahi kuwaambia kwamba nilivuka ziwa mpaka Kigoma nimekaa juu ya kiboko, wakanipa chai. Leo nasema kweli kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, na haina ladha.

Mzee mmoja akasema ile ya kiboko ilikuwa nzuri zaidi.

Ibrahim hakucheka. Alikaa mbele yangu, goti kwa goti.

"Mi sina maneno mingi, papa. Kama bwato inarudia na kaka eko muzima, tutakunywa chai, utaenda kwako. Kama inarudia bila yeye, mutu mwenye alijua kifo mbele ya bote, we unajua banamuita namna gani."

Hakulitaja jina hilo na hakuna aliyemsaidia kulitaja. Lakini mimi nimewahi kusoma komunike za waliopewa jina hilo. Huwa fupi. Hakuna ndugu anayekubali kutajwa.

Hapo ndipo nilipoelewa. Roho yangu ilikuwa imepakiwa kwenye boti ya Zuberi pamoja na mafuta ya mawese na magunia ya unga, na upepo wa ziwa ulikuwa umeanza kuvuma kutoka kusini.

Nikaomba kitu kimoja. Wamlete Dieumerci. Direktere mwenyewe aseme mbele ya watu kwamba ni mashine.

Pikipiki ikaenda, ikarudi naye, ameshika tai yake isipeperuke. Aliwaona vijana, akaona mikeka, akaniona mimi katikati. Ibrahim akamuuliza, taratibu, sauti iliyotangaza ni ya nani.

"Ni ya Papa Albert," akasema Dieumerci. "Kila mutu anaijua."

Ndugu zangu, mtoto huyu nimemfundisha mimi kushika kipaza sauti. Siku ya kwanza alikishika kama anataka kukila. Na sasa aliniuza bila hata kusema uongo.

Nikamwambia atoe simu yake. Nilikwisha kumwona akichezea mashine ile kwenye simu, anaiandikia maneno nayo inayasema. Nikamwambia, andika lolote, watu wasikie kwamba naweza kukaa kimya na bado nikaongea. Akakataa. Ibrahim akamtazama mara moja. Akakubali.

Nikafumba mdomo, nikaweka na kiganja juu yake, ili asiwepo wa kubisha.

Dieumerci akaandika. Simu ikakohoa kidogo kama inaamka, kisha sauti yangu, safi kuliko ilivyo kooni mwangu, ikasema: "Ibrahim, mdogo wake Zuberi, karibu redioni."

Nilidhani watapiga makofi.

Mkeka wote ulirudi nyuma. Mzee aliyesifu kiboko changu alisimama akasahau kiatu. Ibrahim alijipapasa kifua, kana kwamba jina lake lilikuwa mfukoni na limeibwa. Mwanamke mmoja akasema toka mlangoni, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba kumbe mzee huyu ametoa roho yake akaiweka ndani ya simu, na sasa inaita majina ya watu mmoja mmoja. Alianza Zuberi. Sasa ni Ibrahim.

Ushahidi wangu ulikuwa umekuwa kesi ya pili.

Wakanihamisha. Wakanikalisha peke yangu upande wa ziwa, kwenye mchanga, vijana wamenizunguka kwa mbali kidogo, umbali wa watu wanaoogopa kuguswa na kivuli. Kijana mmoja alikuwa na dumu la petroli la boti. Labda lilikuwa la boti kweli. Sikuuliza.

Tukangoja.

Nilijaribu kukohoa, nikaona wanashtuka, nikaacha. Kikohozi hicho Baraka nzima inakijua. Kila baada ya majina matatu ya ndugu nilikuwa nakohoa, na watu nyumbani walitumia nafasi hiyo kumeza tonge. Mashine ya Dieumerci inakohoa mara moja tu inapoanza, kwa sababu siku alipokuwa ananirekodi nilikuwa nimekunywa maji.

Boti ikaonekana. Ilikuwa yenyewe, na bendera yake ya kijani, inapanda na kushuka kwenye mawimbi. Watu wakashuka mpaka majini. Mwanahamisi alisimama mbele, maji yanampiga magotini.

Mwenye kushika injini alionekana. Abiria wa mbele wakaonekana, wamejikunyata. Mahali pa Zuberi, pale nyuma karibu na injini ambapo hukaa kila siku kama mfalme, palikuwa tupu.

Ibrahim akageuka kunitazama. Aligeuka tu.

Boti ikagusa mchanga. Katikati, juu ya magunia, lilikuwako turubai la bluu, na chini ya turubai umbo la mtu mrefu, miguu imenyooka, haitikisiki.

Wanawake wakaanza. Kilio kile kilianzia kwenye maji kikapanda mpaka juu barabarani, na mimi nilisikia miguu ya vijana inasogea kwenye mchanga nyuma yangu. Nikamwomba Mungu wangu na wa Zuberi kwa pamoja, washauriane wenyewe ni nani anishughulikie.

Turubai likakohoa.

Likainuka. Akatoka Zuberi, uso umevimba kwa usingizi, kofia imekaa upande, akatazama pwani nzima inayolia, akamtazama mke wake ndani ya maji.

"Mama Iddy," akauliza, "nani alikufa?"

Mwanahamisi alimpiga kofi. Halafu akamshika shingo, na hapo ndipo machozi aliyoyazuia tangu mchana yakatoka yote.

Watakaosema kwamba mimi nilianguka kifudifudi nikambusu mchanga, wamezidisha. Nilikuwa nimeinama kutafuta kandambili.

Mambo yakageuka kama bukari, ugali wetu, sufuriani. Waliokuwa wananiogopa wakaja kunishika mkono, wakasema tangu mwanzo hawakuamini. Dumu la petroli likarudishwa botini. Chai ikaletwa. Zuberi alitaka kuona kaburi lake. Akaambiwa ni fupi, akawatukana wachimbaji, akasema mtu wa kimo chake angelazimika kukunja magoti mpaka siku ya kiama. Alicheka mpaka akakaa chini.

Alipomaliza kucheka akamuuliza Dieumerci, kwa upole, komunike ilitoka wapi.

Dieumerci akasema ilitoka Kilembwe. Asubuhi mtu wa pikipiki alishuka kwa njia ya Fizi na kadi ya memori, ndani yake sauti ya mama mmoja. Kule ndivyo wanavyofanya siku hizi. Anayejua kusema vizuri anasemea simu, kadi inatolewa, inafungwa kwenye kipande cha kitambaa, inapewa pikipiki. Kadi iliingizwa kwenye mashine. Mashine ikasikiliza, ikafupisha, ikasoma.

"Nani aliisikiliza mwanzo mpaka mwisho?" nikauliza.

"Mashine, papa."

"Mutu?"

Akatazama viatu vyake. Akasema tangu wameinunua hakuna mtu anayesikiliza. Ndiyo faida yake.

Hapo mimi na Zuberi tukatazamana, na mzaha ukatutoka wote wawili. Kwa sababu jambo hili kila mzaliwa wa huku analijua, na mimi ndiye niliyelipigania miaka yote pale redioni. Kwetu huwezi kumtupia mtu jina la marehemu masikioni kama unavyotupa jiwe. Unaanza na mkubwa wa wafiwa. Unamtaja yeye na mahali alipo, ili popote alipo akae chini kwanza. Halafu unamtaja anayemfuata, na anayemfuata, kwa ngazi zao, taratibu. Jina la marehemu linakuja mwisho, wakati watu wamekwisha kushika kitu.

Mashine imetengenezwa na watu wasiotujua. Iliambiwa ifupishe. Ikachukua jina la kwanza, ikachukua neno kifo, ikayaunganisha, ikatupa yaliyobaki.

Kwa hiyo Zuberi hakuwa maiti. Alikuwa mkubwa wa wafiwa.

Watu walikuwa bado wanakunywa chai.

"Ni Shangazi Nuru," akasema Zuberi. "Maskini. Mwaka muzima eko analala tu pale Kilembwe."

Ibrahim akaitikia. Mwanahamisi akaitikia. Shangazi Nuru, dada wa baba yao, mzee kuliko barabara. Kila mtu aliona ni haki, na watu wakaanza kumwombea, na mimi nikanyoosha mkono kuchukua chai. Mimi huko Kilembwe nina mtu mmoja tu. Zuberi ana ukoo mzima.

Nikapiga hesabu kama fundi. Ikiwa ni Shangazi Nuru, wa kwanza ni Zuberi, mtoto mkubwa wa kaka yake. Wa pili lazima awe Ibrahim. Hakuna namna nyingine. Nikamwambia Ibrahim ajiandae, leo atatajwa redioni na mtu wa kweli.

Maana neno lilikuwa limepita tayari. Baraka nzima ilitaka komunike irudiwe, na isirudiwe na mashine. Wanataka mdomo wa Papa Albert, na kikohozi chake. Dieumerci mwenyewe alinifungulia mlango wa studio. Zuberi na Ibrahim wakabaki upande wa pili wa kioo, wamevua kofia.

Nikamwambia Dieumerci kwamba kwanza nataka kuisikiliza peke yangu. Akasema muda wa habari umefika, watu wanangoja, na si nilikuwa nafanya hivi zamani, sikio moja linasikia, mdomo unafuata? Kweli nilikuwa nafanya. Nilijisifia kwa hilo katika kila baa ya mji huu. Aibu ya kukataa ikanishinda.

Nikavaa vile vya masikioni. Taa nyekundu ikawaka.

Nikakohoa, kwanza kabisa, wapate kujua ni mimi. Kupitia dirisha nilisikia kicheko kidogo kutoka kwenye maduka, redio zote zimewekwa kwenye stesheni moja. Nikaomba radhi kwa jamaa ya Bwana Zuberi, nikasema yuko mzima, ana njaa, na kaburi lake linauzwa. Wakacheka zaidi. Zuberi nyuma ya kioo naye akatabasamu.

Kisha nikampa Dieumerci ishara aachie kadi.

Sauti ya mama yule ilikuja ya taratibu, yenye vumbi la njia. Nyuma yake mbuzi walikuwa wanalia. Alikuwa mtu anayejua kazi. Hakukimbilia popote. Alisalimu, akasema anayesema ni mkunga wa Kilembwe, na ana huzuni.

Mkunga. Mdomo wangu ulikwisha kulisema neno hilo hewani kabla kichwa hakijalipokea.

Akaendelea, nami nikamfuata, neno kwa neno, kama zamani.

"Habari hii imufikie kwanza Bwana Zuberi, mwenye boti, kule Baraka."

Nikasema. Zuberi akainamisha kichwa.

"Imufikie na wa pili."

Nilikwisha kufungua mdomo kusema Ibrahim. Herufi ya kwanza ilikuwa juu ya ulimi. Ibrahim mwenyewe alikuwa amejiweka sawa nyuma ya kioo, mikono kifuani.

Lakini mama yule hakusema Ibrahim.

Alisema, taratibu kabisa, kama tunavyotaka sisi, ili mtu apate muda wa kukaa: "Imufikie Papa Albert, wa redio, kule Baraka."

Akapumua. Alikuwa ananipa nafasi nishike kitu.

Dieumerci ananipungia mkono niendelee. Zuberi ameliona jambo usoni mwangu, amesogea mpaka paji la uso wake limegusa kioo. Nyuma ya sauti ya mama yule, mbuzi bado wanalia, na neno la tatu linakuja.

Nje, redio zote za Baraka zimekaa kimya zinaningoja. Na nyumbani, kando ya lile furushi la vitenge, najua Mama Solange amefanya anavyofanya kila siku akinisikia nasoma. Ameacha kazi yake, ameongeza sauti.